Bromelia ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukubwa na Ukuaji Wake

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mara kwa watu wanaofuga bromelia, mimea ya ukoo wa nanasi, ndani ya nyumba: imekuwa kubwa mno, haikui kabisa, imerefuka na kulegea, imezaa watoto (machipukizi ya pembeni) wakajaa chungu. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Bromelia yangu itafika ukubwa gani?

Inategemea ni bromelia gani, na tofauti si ndogo. Ukoo huu una spishi zaidi ya 3,000, karibu zote asili yake ni bara la Amerika, na nanasi ni mmojawapo. Humo humo yumo Puya raimondii wa milima ya Andes huko Peru na Bolivia, ambaye akichanua nguzo yake ya maua hufika kimo cha mita 10 hivi, na zimo Cryptanthus zinazolala chini kama nyota, upana wake ukizidi kidogo kiganja cha mkono.

Kwa zile zinazokaa vyumbani: Guzmania lingulata kwa kawaida huishia sentimita 30 hadi 45. Aechmea fasciata, ile yenye majani ya kijivu kama yaliyopakwa unga na ua la waridi, huhitaji nafasi ya sentimita 60 na wakati mwingine zaidi. Neoregelia carolinae haipandi juu sana ila hujitandaza, na sentimita 50 za upana ni jambo la kawaida kwake. Jihadhari na Alcantarea imperialis. Ikiwa changa hudanganya kwa udogo wake, lakini ikikomaa hupita mita moja ya upana, na hapo utakuwa unaihamishia sebule.

Kwa hiyo unaponunua, uliza jina kwanza. Ukubwa unaouona dukani hauna maana, maana bromelia changa zote zinafanana. Na ukipima mahali pa kuiweka, pima upana kabla ya kimo. Wengi hupima kimo, kisha wanashangaa kila anayepita anachomwa na majani.

Je, naweza kuipogoa ibaki ndogo?

Hapana, na hili ndilo swali linaloleta hasara nyingi kuliko yote. Jani la bromelia hukua kutokea chini, kwenye kitovu cha mmea. Ncha unayoiona ndiyo sehemu kongwe kuliko zote za jani hilo. Ukiikata, jani halichipui upya wala halitoi tawi. Linabaki kigutu chenye kovu la kahawia mpaka siku ya kufa kwake. Ukikata kitovu chenyewe ndiyo umefunga duka: mzunguko ule wa majani hautatoa jani jingine tena.

Ukubwa wa bromelia huamuliwa kabla jani halijatoka. Ulichonacho mkononi ni mambo manne: aina uliyoichagua, mwanga unaoipa, mbolea unayoinyima, na wakati inapochanua. Mkasi una kazi yake, lakini ni kazi ya usafi tu.

Mbona haijaongezeka hata jani moja tangu niinunue?

Angalia kama ilikuwa na ua ulipoinunua. Nyingi huuzwa zikiwa zimechanua, na bromelia iliyochanua imemaliza kukua. Ua hutoka pale pale kwenye kitovu palipokuwa pakitoka majani, kwa hiyo nafasi ya majani mapya imekwisha. Ni kama mgomba: ukishatoa mkungu, shina lile halina safari nyingine, na uhai unaendelea kwa watoto wa pembeni.

Usiibembeleze kwa mbolea wala chungu kikubwa. Subiri watoto (tazama sehemu ya watoto hapa chini). Kwenye Neoregelia unaweza hata usijue kwamba imechanua, kwa sababu maua yake ni madogo na hukaa ndani ya kikombe (shimo la katikati ya majani linaloshika maji), usawa wa maji. Inama uchungulie.

Huchukua muda gani kukomaa?

Mtoto aliyetenganishwa na mama yake huchukua mwaka mmoja hadi mitatu kufika umri wa kuchanua, kutegemea aina na mwanga. Kutoka kwenye mbegu ni miaka mingi zaidi, na kwa mtu wa nyumbani sioni sababu ya kujipa adhabu hiyo.

## Mwanga, chungu, mbolea na maji

Majani yamerefuka, yamelegea na yamekuwa kijani tupu. Imekua au imeugua?

Ina njaa ya mwanga. Bromelia iliyowekwa kwenye kona yenye giza hurefusha majani ikitafuta dirisha; jani huwa jembamba, refu, laini, na rangi nyekundu au mistari hufifia. Mtu huona mmea umepanuka, akafurahi kwamba umestawi. Kwenye mwanga wa kutosha, mmea ule ule hutoa majani mafupi, mapana, magumu, yaliyokaribiana, na umbo zima hushikamana.

Hii ndiyo njia ya kweli ya kuidhibiti. Ukitaka bromelia isiyotawanyika, isogeze karibu na dirisha lenye mwanga mwingi uliochujwa na pazia jepesi. Guzmania na Vriesea hupenda mwanga wa wastani. Neoregelia, Aechmea na Billbergia huvumilia mwanga mkali zaidi, na rangi zao hutokea huko huko. Mwongozo mzuri ni jani lenyewe: zenye majani laini yasiyo na miiba huhitaji kivuli zaidi, zenye majani magumu ya miiba huhitaji mwanga zaidi.

Isogeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu. Ukiitoa gizani leo na kuianika juani leo, itapata mabaka ya kuungua yenye rangi ya majani makavu, na mabaka hayo hayaondoki. Majani yaliyokwisha kurefuka nayo hayafupiki. Utakayoona yamebadilika ni yale mapya ya katikati, na baada ya miezi kadhaa ya nje yatakapokufa, mmea utakuwa umerudi kwenye umbo lake.

Nikiiacha kwenye chungu kidogo, itabaki ndogo?

Kwa kiasi kidogo tu, na hiyo si sababu ya kuiacha humo. Bromelia nyingi za vyumbani kwa asili huishi juu ya miti, na mizizi yake ni ya kushikilia zaidi kuliko ya kula. Maji na chakula kingi hupita kwenye majani. Ndiyo maana chungu cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha mmea mpana kuliko unavyodhani.

Hatari iko upande wa pili: chungu kikubwa. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji, shina huoza chini kwa chini, na siku moja unaushika mmea unang'oka wote mkononi. Kama chungu kidogo kinapinduka kwa uzito wa majani, kitumbukize ndani ya kingine kizito zaidi, au weka mawe chini. Udongo uwe mwepesi unaopitisha maji haraka: magome ya miti yaliyokatwa vipande, makumbi ya nazi, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo). Udongo mzito wa bustani haufai.

Mbolea inasaidia au inaharibu?

Ukitaka iwe kubwa, inasaidia. Ukitaka ishikamane na iwe na rangi, ni adui, hasa yenye naitrojeni nyingi.

Niliwahi kuwa na Neoregelia nyekundu kama damu ya mzee katikati, nami kwa wema wangu nikawa nailisha kila baada ya wiki mbili kama nyanya. Kila jani jipya lilitoka refu kuliko la nyuma yake, kijani kibichi, limelala kama mkanda. Nilipoacha, majani yale hayakugeuka rangi. Ilibidi niyangojee yazeeke moja moja, na yalichukua zaidi ya mwaka.

Siku hizi Neoregelia sizipi chochote. Guzmania, Vriesea na Aechmea hupata mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi wakati zinakua, nayo humwagwa kwenye udongo. Usiimwage ndani ya kikombe: huunguza majani machanga na kuotesha ukungu wa kijani.

Kikombe kijae maji au la?

Ndani ya nyumba, sentimita 2 au 3 zinatosha. Mwagilia udongo pia, lakini acha tabaka la juu likauke kwanza. Kila baada ya wiki chache ipindue umwage maji yote, ujaze mapya; maji yaliyolala hunuka, hukusanya chumvi na huzalisha mbu. Maji ya mvua ndiyo bora. Mahali penye baridi au mwanga hafifu, heri kikombe kikae kikavu kuliko kijae. Cryptanthus haina kikombe cha kuhifadhi maji, hivyo kwake mwagilia udongo peke yake.

Imeegemea upande mmoja.

Inafuata mwanga. Zungusha chungu robo mzunguko kila wiki. Kama imeegemea kwa sababu shina limelegea kwenye udongo, soma swali la shina refu kule mwisho.

## Kazi ya mkasi

Ncha zimekuwa kahawia. Nizikate?

Unaweza, kwa ajili ya macho tu. Kata kwa kufuata umbo la jani, mshazari pande zote mbili ili ncha mpya ichongoke kama ya zamani, na acha uzi mwembamba wa kahawia bila kuugusa. Ukikata ndani ya kijani, unafungua kidonda kipya nacho kitakauka, na wiki ijayo utakuwa na kahawia nyingine. Kata mara moja, kisha tafuta sababu: mara nyingi ni hewa kavu au maji yenye chumvi nyingi.

Majani ya chini yanakauka. Inakufa?

Kama ni moja moja, na ni ya chini kabisa, huo ni uzee wa kawaida. Usiyavute kwa kishindo. Shika jani kavu kwenye ncha, lipasue katikati kwa urefu mpaka chini kama unavyochana ukindu, kisha vuta nusu moja kulia na nyingine kushoto. Linatoka safi na shina halitikisiki. Ukiona chini ya jani hilo vinundu vidogo vyeupe au vya kahawia, hiyo ni mizizi inayosubiri nafasi, usiikwangue.

Majani ya katikati yakianza kuharibika, hiyo ni habari nyingine: tazama swali la kitovu kilichooza.

Ua limekauka. Nilikate wapi?

Chini kadiri mkasi unavyofika bila kujeruhi majani. Kulikata hakutaurudishia mmea uwezo wa kukua, bali kunapunguza kimo na kuleta mwanga kwa watoto. Usiwe na haraka lakini: kwenye Guzmania sehemu unayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, na yanaweza kukaa miezi kadhaa baada ya maua halisi kuisha.

Inachukua nafasi mno. Naweza kuifunga kamba majani yasimame?

Kwa siku moja ya kuihamisha, funga kitambaa laini. Kwa kudumu, hapana. Majani yaliyobanwa huziba mwanga kwenye kitovu, maji hukwama kati yake, na uozo huanzia hapo. Heri uondoe safu moja ya majani ya chini kabisa, yale yaliyokwisha choka, kwa kuyapasua kama ilivyoelezwa hapo juu. Zaidi ya safu moja usiende, kwa sababu majani ndiyo jiko la mmea na watoto wanalishwa humo humo. Kama bado haikutoshi, umechagua aina kubwa kuliko chumba chako. Mpe mwenye nafasi, kisha utafute Cryptanthus au moja ya Neoregelia ndogo kama ‘Fireball’.

## Watoto wa bromelia

Nitenganishe watoto lini?

Wakifika theluthi hadi nusu ya ukubwa wa mama. Hili ndilo kosa la pili kwa wingi baada ya kupogoa: mtu anaona chipukizi la urefu wa kidole, analikata siku hiyo hiyo, nalo linasinyaa. Mtoto mdogo bado ananyonya. Mwache mpaka awe na kikombe chake kinachoshika maji na, ikiwezekana, mizizi michache chini. Wa nusu ya mama huanza maisha akiwa na nguvu na huchanua mapema zaidi.

Namna ya kumtenganisha ni ipi?

Toa mmea wote kwenye chungu. Wengi hujaribu kukata mmea ukiwa umo ndani, wakipapasa kwa kisu wasichokiona, na matokeo yake wanamkata mtoto juu mno. Ukishautoa, pangusa udongo mpaka uone mahali mtoto alipoungana na mama. Kwenye Aechmea na Neoregelia utakuta kikonyo kigumu kama mti, wakati mwingine kirefu. Kwenye Guzmania mtoto hubanana na mama kati ya majani.

Weka kisu kikali, kilichopanguswa kwa spiriti, karibu kabisa na mwili wa mama, ili kikonyo chote kiondoke na mtoto. Kisu kitagoma kidogo kisha kitapita kwa mkato mmoja mkavu. Kidonda kiwe cheupe. Kikiwa na kahawia ndani, kata tena juu kidogo. Mwache mtoto akauke kivulini siku moja, kisha mpande kwa kina cha sentimita 2 au 3 tu, umshikilie kwa vijiti viwili asitikisike. Asiyetulia hatoi mizizi. Vaa glavu kwa zile zenye miiba. Ngozi ya mkono haijifunzi kwa mara moja.

Nisipowatenganisha?

Hakuna dhambi. Watakua pamoja na kuwa kichaka, kila mmoja atakuwa mdogo kuliko angekuwa peke yake, na wengi huona hivyo inapendeza zaidi. Billbergia nutans hufanya hivi kwa kasi mpaka ikapasua chungu cha plastiki. Ila kama tatizo lako ni nafasi, kichaka hakikusaidii: acha mtoto mmoja kwenye chungu cha mama na wengine uwagawe.

Njia ninayoipenda mimi kwa chumba kidogo ni hiyo. Mtoto mmoja, chungu kile kile, kila kizazi. Ukubwa unarudi nyuma kila baada ya miaka miwili au mitatu bila mkasi.

Mama nimtoe lini?

Akishakuwa kahawia zaidi ya nusu. Kabla ya hapo bado analisha, na anaweza kuzaa tena baada ya kuondolewa watoto wa kwanza. Kufa kwake baada ya ua ni pole pole, mwaka mmoja hivi au miwili.

## Mambo ya pembeni

Nasikia tufaha linaweza kuifanya ichanue. Hilo linahusu nini na ukubwa?

Linahusu sana. Bromelia ikianza kutengeneza ua huacha kutengeneza majani, kwa hiyo kuichanuisha ni kama kuiambia ikomee hapo ilipofika. Tunda lililoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo ndiyo inayoamsha ua. Wakulima wa mananasi wa visiwa vya Azores waligundua jambo hili kwa moshi katika karne ya 19, kwa kuwa moshi nao una ethilini.

Mwaga maji yote ya kikombe. Ingiza mmea kwenye mfuko wa plastiki pamoja na tufaha lililoiva (ndizi pia inafaa), funga, weka mahali pasipo jua la moja kwa moja kwa siku 7 hadi 10. Mfuko ukipigwa na jua utapika mmea. Kisha fungua, rudisha maji, subiri. Ua huonekana baada ya wiki 6 hadi 14 kutegemea aina.

Usilifanye kwa mmea mchanga. Ama hautaitika, ama utatoa ua dhaifu. Na kumbuka umeuharakishia uzee: baada ya hapo ni watoto.

Kitovu kimeoza, majani ya kati yameng'oka. Itakua tena?

Mzunguko ule, hapana. Lakini usiutupe. Mwaga maji, ondoa kilichooza, suuza, weka kikombe kikavu mahali penye hewa. Kama shina la chini bado gumu, mmea uliopoteza kitovu mara nyingi huzaa watoto mapema kuliko ambavyo ungezaa kwa kawaida.

Sababu za kawaida ni baridi pamoja na maji mengi, mbolea iliyomwagwa katikati, au shaba. Bromelia haivumilii shaba kabisa, iwe ni maji yaliyokaa kwenye chombo cha shaba au dawa ya ukungu yenye shaba ndani yake. Soma kibandiko kabla ya kupuliza.

Imetoa shina refu lenye majani juu tu, kama mnazi.

Ni Neoregelia au Aechmea ya zamani iliyopoteza majani ya chini mwaka baada ya mwaka. Hapa, na hapa tu kwa mimea ya chunguni, kukata kunafupisha kweli. Kata shina sentimita 5 hivi chini ya majani mazima, menya majani makavu mpaka uone vinundu vya mizizi, acha kidonda kikauke siku moja au mbili, kisha panda ukiushikilia kwa vijiti. Mizizi huchukua mwezi au zaidi. Kisiki kilichobaki nacho usikitupe, kinaweza kuchipua.

Taji la nanasi nililopanda linafuata sheria hizi?

Nusu nusu. Huchanua mara moja na huzaa watoto kama ndugu zake, lakini mizizi yake inakula kweli, hivyo hutaka chungu kikubwa zaidi na jua kali. Majani hupanuka mita moja au zaidi yakiwa na miiba pembeni, na tunda huchukua miaka miwili au mitatu kupatikana. Weka mahali ambapo watoto hawakimbii.

Na zile zisizo na chungu?

Hizo ni Tillandsia. Nyingi hukua pole pole na kubaki ndogo, na watoto wake hutenganishwa vile vile. Kuna moja inayovunja kila nilichosema kuhusu mkasi: Tillandsia usneoides, ile inayoning'inia kama ndevu za kijivu. Hiyo ikirefuka mno kata popote, kiasi unachotaka. Iliyobaki itaendelea kukua, na kipande ulichokata kitundike kwenye dirisha jingine, kilowekwe maji mara kwa mara, nacho kitaendelea.